Sauti ya Mpelelezi

Tangu lini Gleb akakataa bia baridi? Veniamin alimtazama rafiki yake akisukuma gilasi pembeni na kuagiza maziwa ya moto, tena mwezi wa Juni, Leningrad nzima ikitokwa jasho, naye shingoni kajifunga skafu ya sufu. Koo linamsumbua tu, alisema, akitazama dirishani. Koo hilo analitunzia nini? Walikuwa waigizaji wa thieta moja, na Veniamin alijua fika kwamba Gleb hana mchezo wowote jukwaani mpaka vuli.

Na studio ya filamu nayo ilikuwa kimya. Walikwisha kupiga picha zote: hadithi ya Kiingereza, mauaji ndani ya jumba la tajiri, na Veniamin ndiye mpelelezi mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kuigiza watumishi na maiti. Kilichobaki ni kuingiza sauti, kila mwigizaji arudie maneno yake mbele ya kipaza sauti. Wenzake wote walishaitwa, hata yule aliyeigiza mpishi. Yeye, wapi! Kila alipompigia simu mwongozaji, Regina Lvovna, aliambiwa yuko mkutanoni. Mkutano gani huo usiokwisha kama wa kugawana urithi?

Roho yake ilimwambia kitu. Kwao ni kijiji kimoja cha mkoa wa Vologda, na lafudhi ya huko ilikuwa imemganda ulimini. Regina Lvovna alishawahi kusema mbele ya watu kwamba mpelelezi wake wa Kiingereza anaongea kama muuza uyoga wa sokoni. Watu wakacheka, naye akacheka nao, mjinga yeye. Kumbe mwenzake hakuwa anatania.

Ingekuwa aibu yake peke yake, angeimeza. Lakini mama yake alikuwa kipofu. Uso wa mwanawe kwenye televisheni haungemfaa kitu. Alichokuwa akingojea ni sauti, na kijiji kizima alishakitangazia.

Basi mpelelezi akaingia kwenye upelelezi wa kweli. Asubuhi moja alipanda tramu aliyopanda Gleb, akajificha nyuma ya gazeti, akashuka aliposhuka: nje ya studio. Juu ya mlango wa chumba cha sauti taa nyekundu ilikuwa inawaka, maana yake hapana kuingia. Veniamin akaingia. Kwenye pazia la picha alikuwa yeye, na koti refu, akimnyooshea muuaji kidole. Mbele ya kipaza sauti alikuwa Gleb, na skafu yake, akiyasema maneno ya Veniamin.

Gleb aligeuka, rangi ikamtoka. Akaeleza kwamba alikataa mara ya kwanza, akakataa ya pili, ndipo akaambiwa kazi atapewa mtu baki.

"Venya, mimi najua hata mahali unapovuta pumzi," alisema. "Mtu mwingine angekuzika."

"Na wewe umenifanyaje?"

Veniamin akatoka zake, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Hakumwambia mama yake. Angeanzia wapi?

Filamu ilionyeshwa kwenye sikukuu ya mwaka mpya. Kesho yake akapiga simu posta ya kijijini, mama akaletwa. Akasifu filamu, akasifu muuaji alivyobanwa akakosa pa kutokea, akasema watu wamefurahi mno. Veniamin akashusha pumzi, kisha akajiona duni kwa kushusha pumzi. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Mama, sauti ile haikuwa yangu."

"Najua, baba. Nilijua tangu neno la kwanza."

Veniamin akaishika simu kwa mikono miwili.

"Lakini nyumba ilikuwa imejaa majirani," mama akaendelea. "Nikawaambia huyo ndiye mwanangu. Mmoja akaanza kunong'ona kwamba si wewe, nikamwambia anizibie mdomo wake, mimi ndiye niliyekuzaa." Akakohoa kidogo. "Haya, sasa ongea mwenyewe, nikusikie."

Veniamin akafungua kinywa, na sauti haikutoka.