Ngo Ngo

Seremala na mkewe walikuwa na lugha yao ya karakana. Msumeno wa umeme ukinguruma mtu hasikii hata akiitwa jina lake, kwa hiyo aliyependezwa na jambo aligonga ubao mara mbili kwa kidole. Mlango umekaa sawasawa, ngo ngo. Mke kaleta chai, ngo ngo. Wakaihamishia hadi nyumbani, watu wazima na akili zao, wakazeeka nayo.

Basi ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, ulipomkakamaza mume uso, mke hakutishika sana. Daktari alishamwambia kwamba uso unaweza kuganda huku moyo uko palepale.

"Hutaki kucheka, usicheke," alimtania mumewe. "Wewe nigongee tu."

Lakini kugonga nako kukaadimika. Siku mjukuu alipotembea kwa mara ya kwanza, kutoka kwenye kochi hadi magotini pa babu yake, nyumba nzima ililipuka kwa shangwe. Babu akamtazama mtoto kama anavyotazama ukuta. Tangu hapo mke akawa roho juu. Uso mkavu angeuvumilia. Je, kama na ndani nako ni kukavu?

Asubuhi moja akaamua kumpima. Aliketi naye mezani, akaanza kile kisa cha mteja aliyeagiza kabati kubwa kuliko mlango wa nyumba yake, kisa ambacho zamani kilimvunja mume mbavu. Ndiyo kwanza mteja anachagua mbao.

Ngo ngo.

Mke akakatiza kisa.

"Mzee wangu, mbona sijafika hata penye kichekesho?"

Mume aliinamisha kichwa. "Nilikuona unavyoningojea."

"Kwa hiyo umegonga ili nifurahi mimi?"

"Kisa nakijua. Najua na pa kucheka ni wapi. Nangoja raha ije, haiji. Hata mtoto alipotembea niliingoja." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Naogopa, mke wangu."

"Kesho tunamwambia daktari. Huenda hilo nalo ni ugonjwa, wala si wewe."

"Na isiporudi?"

Mkono wa mume ulikuwa juu ya meza, ukitetemeka kama kawaida yake, na kidole kilikuwa kikigonga ubao, ngo ngo, ngo ngo, ngo ngo, bila kukoma. Mke akaingiza kiganja chake chini ya mkono ule ili asisikie.