Pamba Iliyowekwa Vibaya

Nilikuwa nasukuma pamba kwenye mwanya wa tatu wa boti, patasi butu mkono wa kushoto na nyundo ya mti mkono wa kulia, Mama Agnès alipopunguza sauti ya redio.

"Hervé, umesikia ile?"

"Nimesikia nusu."

"Huyo bwana wa redio anasema siku moja franga itaisha duniani, pesa zote. Si kwamba tutakuwa masikini, hapana. Kila kitu kitakuwepo, kila mutu atachukua ya kumutosha." Alipiga ubavu wa boti kwa kiganja. "Bon. Siku hiyo, nani atapindua bwato?"

Hakuwa anafanya mzaha. Boti lile aliachiwa na marehemu mumewe, na lilikuwa limekaa juu ya magogo kwenye mchanga wa Kabuta tangu ziwa lilipofungwa mwezi wa kumi na mbili. Zilibaki siku nane uvuvi ufunguliwe. Wavuvi wake wanne walikuwa wamemwambia wazi kwamba siku ya kwanza likiwa bado nchi kavu, wao wanaingia boti la mtu mwingine. Mianya ya juu nilikuwa karibu kuimaliza. Ya chini sikuweza kuifikia bila kulipindua, na kulipindua kunataka watu wanane. Tulikuwa wawili, na goti langu moja ni bovu.

Kwetu hakuna anayelipwa kupindua boti. Mwenye boti humpa kila aliyeshika sahani ya chisense, wale dagaa wa ziwani, basi. Lakini ziwa likiwa limefungwa, chisense itoke wapi? Kwa hiyo Mama Agnès alikuwa amepika maharagwe na kuweka sufuria juu ya gogo, kando ya njia, kila anayepita aione.

Wa kwanza kupita walikuwa Aubrey, fundi wa injini kutoka Kashikishi, na rafiki yake Willy, anayelima kwenye makazi ya wakimbizi wenzetu kule Mantapala. Aubrey alifunua kifuniko.

"Mayo, hii ya watu wangapi?"

"Wanane."

"Wanane wakubwa, ama wa kunyonya?"

Willy alicheka hadi akashika tumbo. Aubrey alirudisha kifuniko taratibu, kama anayemfunika mgonjwa. "Tutarudi ikijaa," akasema, wakaenda zao.

Baada yao walipita wengine watano au sita. Nilikuwa nafanya kazi huku nikiwatazama, na jambo moja lilinishangaza. Kila aliyefika aliangalia sufuria. Hakuna hata mmoja aliyeangalia boti.

Mwishowe Mama Agnès alikasirika. Aliiondoa sufuria pale njiani, akaiweka nyuma ya boti, kivulini. "Nipe hiyo patasi. Kama batu hawataki, tutafanya siye."

Nilimpa. Alikunja pamba nene kama kidole gumba, akaishindilia kwenye mwanya kwa hasira. Pamba ilitokeza nje kama ulimi. Nilimwacha. Boti lilikuwa lake, na hasira pia.

Hapo ndipo baiskeli iliposimama njiani. Ilikuwa ya Ba Davison, mzee aliyetengeneza maboti hapa Kabuta kabla yangu, akipeleka furushi la mihogo sokoni.

"Yangu!" alimaka, kwa mshangao wa watu wa hapa. "Nani amekufa humo? Mbona mnamvisha sanda?"

"Ba Davison, pita na mihogo yako," Mama Agnès alimjibu bila kugeuka.

"Siwezi kupita. Macho yananiuma." Aliegemeza baiskeli, akamnyang'anya patasi, akaichomoa pamba yote. Akaisokota upya, nyembamba, akaiingiza kwa mapigo mawili mepesi na moja zito. "Vile! Ulitaka kuzamisha watu?"

Mama Agnès aliitazama ile patasi mkononi mwa mzee, kisha akaitazama njia.

Aubrey na Willy walikuwa wanarudi kutoka walikokwenda. Aubrey alisimama, akainamia kazi ya mzee. "Shikulu, na wewe umeacha manyoya ya pamba."

"Manyoya yako kwa kuku."

"Na tena, bwato hili halivuji hapo. Linavuja chini, kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wake. Mwaka jana nililipanda, viatu vilijaa maji mpaka kisiwa cha Kilwa hapo ziwani."

"Mkuku huo niliuziba miye! Kwa mikono hii!"

"Njo maana."

Watu walicheka, na hapo nikagundua kwamba walikuwapo watu. Kina mama wawili walikuwa wametua mabeseni yao, na vijana watatu wamesimama.

"Basi tuone," alisema Ba Davison.

"Tuone!"

Kuona kulikuwa na njia moja tu. Hakuna aliyealikwa. Mtu alihesabu hadi tatu, boti likalia, likageuka, likaonyesha tumbo. Karibu na mkuku palikuwa na ufa unaoingia ukucha. Aubrey na Ba Davison wakasema kwa pamoja, "Umeona?"

Tulifanya kazi mchana kutwa. Willy alichochea lami kwenye moto. Maharagwe yaliliwa kwa kusimama, kifuniko kikiwa sahani. Hayakutosha, na hakuna aliyelalamika.

Niliwauliza lile swali la redio. Kama franga haipo, mtu atafanya kazi kwa nini?

"Miye sikuja kufanya kazi," alisema Ba Davison. "Nilikuwa naenda sokoni."

"Mais umefanya masaa manne," nilimwambia.

"Nimeondoa aibu tu."

"Mzee amekuja kubishana," alisema Aubrey.

"Na weye?" nikamuuliza.

"Miye nimekuja kushinda."

Majibu yalinifurahisha, ila hayakunitosha. Lami ina moshi mkali, na hakuna anayebishana juu ya kuichochea. Nikamfuata Willy pale motoni, macho yake mekundu, nikamuuliza yeye.

"Hapa mutu anasikia maneno yote vizuri," alisema. "Leo kule Mantapala nitakuwa na ya kusimulia." Akakoroga kidogo. "Lakini kila siku? Hapana. Kila siku ingekuwa zamu, leo miye, kesho yule Aubrey."

Sijui kama yule wa redio aliwahi kumuuliza mtu anayekoroga lami.

Jua lilipoinama, mawingu yalikuja kutoka upande wa kisiwa. Kazi ya mkuku ilikuwa imefika nusu. Tulifunika boti kwa turubai.

"Kesho munakuya?" Mama Agnès aliuliza.

"Kesho naenda sokoni," alisema Ba Davison. "Mihogo yangu imelala leo."

"Miye nina injini Kashikishi," alisema Aubrey. Walitawanyika.

Mama Agnès alisimama kidogo akitazama ile njia. Kisha akainua turubai upande wa njiani, akachukua pamba, akaikunja nene kama kidole gumba, akaishindilia kwenye mwanya mtupu karibu na mkuku. Ikatokeza kama ulimi. Turubai hakulirudisha pale.

"Mama, hiyo..."

"Acha."

"Itaonekana toka njiani."

"Njo vile nataka."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye ile pamba. Niliurudisha. Nikakusanya patasi na nyundo, nikazitia kwenye gunia lake, nikamwomba aende nazo kwake, maana nyumba yangu iko karibu na pale, na mimi najijua: usiku ningerudi.