Matundu Kumi na Moja

Mwaka huo wa 1998, kila Alhamisi ilipofika saa tisa na nusu alasiri, Miska aliteleka maji ya vikombe vitatu, akakata mkate na kuuondoa kingo, kisha akatandika gazeti la jana mbele ya kabati lililo chini ya ngazi. Nyumba ilikuwa ya Mzee Hadlow, Mzungu ambaye Miska aliajiriwa kumtunza huko kwao ng'ambo, Rayners Lane, ya tatu kutoka duka la Mhindi anayeuza bizari na kadi za simu. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha mzee, sukari mbili. Cha pili cha Miska mwenyewe. Cha tatu kilikuwa cha Soud, aliyekufa mwaka 1934.

Gazeti lilikuwa kwa ajili ya udongo. Saa kumi kamili kabati lilifunguka kwa ndani, ikatangulia bendera nyekundu, ikafuata fimbo ndefu yenye kibati cha duara kichwani, kisha Soud mwenyewe akipanda kama mtu anayetoka shimoni, maana ndiko alikotoka. Alijifuta buti. Udongo wake ulikuwa mwekundu, wa huko bara, na ukishakaukia kwenye zulia hautoki hata kwa mashine. Katika daftari la kazi lililokaa jikoni, mtunzaji mmoja wa zamani alikuwa ameandika: Alhamisi huja mgeni, tandika gazeti. Hapakuwa na maelezo mengine, na Miska hakuyatafuta. Yeye alikuwa mtu wa kutazama kwanza.

Siku ya kwanza alimwamkia kwa adabu zake za Pemba.

"Shikamoo, babu."

"Babu wa nani?" Soud alicheka. "Mimi nina miaka ishirini na miwili."

Miska alikuwa na ishirini na minne. "Basi wewe ni mdogo wangu. Niamkie mimi."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa, chai inapoa."

Chini ya titi la kushoto la Soud palikuwa na tundu lililotokea mgongoni. Akikaa kwenye kiti cha dirishani, uzio wa jirani ulionekana humo, na siku za upepo zilionekana pia nguo zake kambani. Akisahau kuegemea upande wa kulia, chai ilimvuja. Miska alimtengea taulo ya buluu, akawa anaifua peke yake.

Kabla ya chai, kila mara, Soud alikwenda sebuleni, akabana visigino mbele ya mzee aliyekuwa na blanketi magotini.

"Afande. Matundu kumi na moja."

"Kumi," alisema Mzee Hadlow.

"Kumi na moja, afande."

"Kumi tu. Wewe kunywa chai."

Soud alipiga saluti, akanywa chai, akashuka. Ilikuwa hivyo tangu enzi za koloni, katika kila nyumba aliyowahi kukaa mzee. Nyumba moja haikuwa na kabati. Alitokea kwenye pipa la makaa.

Mzee alikuwa na miaka themanini na tisa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha kuamrisha, na kimekaa ulimini mwake kama meno ya bandia. Juu ya meko palikuwa na kombe la fedha, ambalo Miska alilisugua kila Jumanne, na kando ya kombe, ndani ya fremu, zilitundikwa kanuni za mashindano ya bunduki. Zilichapwa safu mbili, Kiingereza na Kiswahili, ili askari asije akasema hakujua. Miska alisoma Wete, akakomea darasa la saba. Safu ya Kiingereza aliipita. Ya Kiswahili aliisoma kwa kidole huku akipangusa vumbi, kanuni moja kwa siku, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele.

Kanuni ya nne ilisema askari hatapanga mstari na washindani. Kazi yake ni shimoni, chini ya shabaha, kuonyesha kwa fimbo mahali risasi ilipoingia. Ya tisa ilisema bendera nyekundu ikiinuliwa kutoka shimoni, hakuna atakayepiga. Ya kumi na moja aliisoma mara mbili, kidole kikisimama penye kila neno.

*Risasi itakayompata askari wa shimoni itahesabiwa haikupigwa. Mshindani atapewa risasi nyingine.*

Ya kumi na nne ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

*Askari wa shimoni hatatoka kazini mpaka matundu aliyoyaona yalingane na yaliyoandikwa daftarini, na mshindani awe ametia sahihi.*

Alhamisi iliyofuata, Miska alimngojea Soud amalize kipande cha kwanza cha mkate.

"Uliinua bendera?"

"Niliinua. Karatasi ya shabaha ilichanika pembeni, nikataka kuibana. Ilikuwa imebaki risasi moja."

"Na yeye aliiona?"

Mzee alisikia kutoka sebuleni. Masikio yake yalikuwa mazima. "Jua!" alisema. "Jua iko machoni!"

"Jua lilikuwa nyuma yako, afande," alisema Soud bila kupaza sauti, kama anayemkumbusha mtu alipoacha miwani. Akamgeukia Miska. "Wakasoma kanuni, wakampa risasi nyingine. Hiyo ikaingia katikati kabisa. Akamshinda Bwana Lorimer kwa pointi moja."

"Na nani alionyesha kwamba imeingia katikati, ikiwa wewe ulishapigwa?"

"Mimi. Nilikuwa bado nina muda kidogo."

Miska aliweka kikombe chini. "Si ungeonyesha imekosa, ukamnyima kombe?"

"Ilikuwa katikati, dada. Ningesema nini?"

Alikula kipande cha pili, halafu akaeleza hesabu yake, ambayo haikuwa ngumu. Matundu kumi kwenye karatasi, moja kwake. Alichokiona ni kumi na moja. Daftari linasema kumi.

"Lakini si ulizikwa?"

"Walizika kilichotoka shimoni. Mimi niko kazini bado. Ilikuwa Alhamisi, na kwa ajili ya usiku wa kuamkia Ijumaa mama alikwishachinja kuku. Nilimwambia nitarudi kabla wali haujapoa." Alilitazama kabati. "Nataka kwenda nyumbani tu. Tena njia naijua."

Mwezi wa kumi na moja daktari alikuja, akapima, akasema mzee hataiona Krismasi. Miska akatia hesabu yake mwenyewe. Aliyetakiwa kutia sahihi ni mshindani, na mshindani ni mmoja. Akishakufa huyu, Soud hatatoka tena.

Kule Kilburn alikokuwa amepanga chumba na Adelina, binti wa Bukoba aliyefagia ofisi za watu alfajiri, walilizungumza hilo wakimenya ndizi.

"Muombe akiwa ameshashiba," alisema Adelina. "Mzungu akiwa na njaa hatii sahihi hata ya posta."

Ikawa hivyo. Alhamisi ile Miska alimpa mzee yai la kuchemsha, akampangusa kidevu, akamwegemeza vizuri kwenye mito. Soud alisimama karibu na meko na bendera yake. Miska alifungua droo ya kando ya meko, akatoa daftari la mashindano ambalo mzee alikuja nalo pamoja na kombe, akaliweka juu ya blanketi na kalamu juu yake. Ukurasa ulikuwa na jina la Hadlow, namba kumi, na sahihi ya kijana mwenye mkono imara.

"Bwana, andika kumi na moja. Mstari mmoja tu. Mwache mwenzio aende zake."

Mzee aliutazama ukurasa kwa muda mrefu.

"Kama mimi andika kumi na moja," alisema, "kombe iko ya Lorimer."

"Lorimer amekwishakufa, Bwana."

"Ndiyo. Lakini atajua."

Kisha akamwita Soud kwa kidole. "Kuja hapa. Geuka."

Soud alimgeukia mgongo. Mzee alivaa miwani, akainama, akaweka jicho kwenye lile tundu, na akakaa hivyo huku saa ya ukutani ikigonga robo. Alitoa kidole, akapima umbali kutoka uti wa mgongo.

"Ngapi yadi?" aliuliza.

"Mia tatu, afande."

"Mia tatu," alisema mzee. "Piga mzuri sana hii."

Akachukua kalamu. Chini ya namba kumi ya zamani akaandika kumi nyingine, taratibu, namba ya mtu mgonjwa, akatia sahihi. Akalifunga daftari, akaomba chai.

Soud alipiga saluti. Siku hiyo hakunywa chai yake, ila aliomba radhi kwa kuiacha.

Miska alibaki jikoni. Mbele yake palikuwa na daftari la kazi, lile la watunzaji, ambamo kila anachofanyiwa mzee huandikwa: kaoga, kala, kaenda haja. Siku ya mafunzo, Priscilla, Mkenya aliyekuwa msimamizi wao, aliwaambia neno moja tu la kukumbuka: kisichoandikwa hakikufanyika. Ukimwosha mtu usiandike, hukumwosha. Miska akashika kalamu, akaandika kwa herufi zake za shuleni: *Saa kumi. Yai moja, chai. Soud amekuja. Ana tundu moja, la risasi ya Bwana Hadlow. Pamoja na kumi ya karatasi ni kumi na moja. Nimeona mwenyewe.* Akatia jina lake.

Mzee alikufa Jumatano iliyofuata, baada ya chakula cha mchana. Priscilla alikuja kuchukua daftari, akalipitia akiwa wima palepale ukumbini.

"Miska, hii ni nini umeandika?"

"Kilichotokea, da Priscilla."

"Najua kilitokea, kwani ni nani hajui? Mimi mwenyewe nilikuwa hapa miezi sita, nikitandika hilo gazeti." Alitoa rula na kalamu nyeusi mkobani. "Lakini daftari ni ya mteja. Soud si mteja wetu." Akakata mistari minne, sawasawa, akaacha yai na chai. "Usiniangalie hivyo. Ni sheria, si mimi."

Wazee wa chama cha maafisa walikuja na gari wakachukua kombe, kanuni na daftari la mashindano. Wameviweka kwenye kabati la kioo katika ukumbi wao, na chini yake kuna kadi inayosema risasi kumi, mwaka 1934. Miska alikwenda mara moja kuangalia. Kioo kilikuwa safi, hakikuhitaji kupanguswa.

Alhamisi ile, siku moja baada ya mzee kufa, ilimkuta nyumbani Kilburn, hana kazi. Saa kumi kabati la chumbani kwao, lenye mita ya umeme na ubao wa pasi, likagongwa kwa ndani. Adelina akautoa ubao wa pasi, akauegemeza ukutani.

"Mwambie avue buti," alisema. "Zulia ni la mwenye nyumba."

Soud alivua buti. Zilikuwa zimejaa udongo mpaka ndani, akazipanga juu ya gazeti. Miska alikuwa amepika wali na kuku, akampakulia, akamwekea taulo ya buluu. Alikula akiegemea upande wa kulia, akasema wali ni mzuri, ila si ule.

Alipomaliza, alinawa, akasimama, akabana visigino vilivyo pekupeku mbele ya Miska, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

"Dada. Matundu kumi na moja."

"Kumi na moja," alisema Miska.

Hakuna aliyekuwa amewahi kumjibu hivyo.

"Ahsante," alisema Soud. Akavaa buti zake, akaikunja bendera kwapani, akashuka tena shimoni, maana daftari lilisema kumi.