Makopo Mawili ya Maharage

Wifi yangu alisema nina mkono wa nuksi. Hakuninong'oneza, wala hakunisengenya pembeni kama watu wenye haya. Alisema mbele ya mume wangu, ambaye ni mdogo wake, na mbele ya fundi mwashi aliyekuja kupima uwanja wa nyuma, nami nimesimama hapo hapo na jembe mkononi.

"Mama alipokuwa hai mchicha hapa ulifika kiunoni," alimwambia fundi. "Huyu ameingia, hata magugu yamekimbia. Mwaga zege, nipate pa kuanikia nguo."

Wifi ni dobi. Anafua kwenye kibaraza cha nyuma na kupiga pasi ya mkaa kutwa nzima, na kwa kuwa nyumba waliachiwa na mama yao, yeye mkubwa ndiye mwenye kauli. Mume wangu akiwa mbele ya dada yake hugeuka bubu. Siku hiyo aliangalia viatu vyake kama ndiyo kwanza anaviona.

Mimi bustani ile ndiyo iliyokuwa pumzi yangu. Chumba tunacho kimoja, jiko tunachangia, hata nikikohoa wifi anauliza kutoka upande wa pili wa ukuta nimekula nini. Pale nyuma tu ndipo nilipoweza kuinama nikafikiria mambo yangu bila kuulizwa.

"Fundi, mchanga wako umeshafika?" nilimuuliza.

"Bado. Labda mwezi ujao."

"Basi nina mwezi."

"Mwacheni," wifi alisema. "Aoteshe hata jani moja tulione."

Hadi hapo nami nilikuwa naulaumu udongo wenyewe. Kwetu nimezoea mwekundu, huu ni mweusi, nikawa nautukana weusi wake. Hasira ndizo zilizonichuchumaza niukague vizuri. Juu ulikuwa na ukoko mweupe. Niliponyunyizia maji yalituama, hayataki kuzama, na nilipoufinyanga ukiwa umelowa uliteleza vidoleni kama kipande cha sabuni. Nikaenda mbele ya nyumba, kando ya geti, nikachimba udongo mweusi ule ule. Huo niliubonyeza ukamegeka, na maji ukayanywa yote.

Nikatafuta makopo mawili ya maziwa, nikayatoboa chini. Moja nikalijaza udongo wa mbele, la pili wa nyuma. Maharage ya mfuko mmoja, maji ya bomba moja, na mkono ule ule wa nuksi. Nikayaweka dirishani jikoni, mahali ambapo wifi hawezi kuchemsha chai asiyaone.

"Sasa umeanza uganga," alisema.

"Ndiyo. Namroga mwongo."

Kopo la mbele liliota likanyooka, majani ya kijani kibichi. La nyuma lilitoa vijiti viwili vya manjano, vikajikunja. Basi nikajua mkono hauna kosa, na weusi pia hauna. Kuna kitu kilikuwa kinaingia nyuma na mbele hakifiki. Jioni nikakaa dirishani kumtazama wifi, jambo nililokuwa nimejizuia kulifanya tangu niolewe. Alimaliza kazi, akabeba beseni la maji ya kufulia, yenye povu na magadi, akayamwaga bustanini. Akarudi na ndoo ya majivu ya pasi, akayatandaza juu yake taratibu, kwa mkono.

Mchanga wa fundi ulipofika niliyabeba makopo yote mawili hadi kibarazani, mume wangu na fundi wakiwepo.

"Ni magadi yako na majivu yako," nilimwambia wifi. "Yamechoma udongo."

"Mama alikuwa anatia majivu hapa. Ndiyo yaliyokuwa yakiotesha."

"Mama alitia konzi moja ya jikoni. Wewe unatia ya kutwa nzima."

Alinipandisha na kunishusha kwa macho. Nilitegemea matusi, na yangu nilikuwa nimeyaandaa.

"Nilikuwa namwendelezea," alisema. "Kila jioni. Kwa hiyo unaniambia bustani ya mama nimeiua mimi?"

Mume wangu alinikonyeza ninyamaze.

"Ndiyo," nilisema. Ningeweza kulainisha, sikutaka. Nilifurahi kumwona anaumia.

Alichukua lile kopo la nyuma, akachota udongo, akaunusa. Harufu ya magadi hakuna aijuaye kuliko yeye. Akamgeukia fundi, kopo bado mkononi.

"Nichimbie mtaro kutoka kibarazani hadi nje. Maji yangu yasiguse hapa. Na huu ukoko tuukwangue, tuweke samadi." Halafu akaniangalia. "Usidhani nimekupenda."

"Sijaomba."

Zege halikumwagwa. Mume wangu siku hizi anawaeleza watu jinsi alivyoiokoa bustani. Mchicha umeanza kuota, mwembamba bado, lakini umesimama. Ila wifi amehamishia kigoda chake pale katikati ya matuta. Kila nikitoka na jembe namkuta ameshafika, hanisalimii, anapalilia tuta la mama yake na kuniuliza mbona jana nilikohoa sana.