Mfupa Mtakatifu wa Chola

Jumamosi, tarehe 14 Februari 1976. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, lakini mawingu yalibaki, na matope mekundu ya mtaa wetu wa Ruashi yalishika viatu.

Nilikuwa nakwenda kwa Chola, mchimbaji aliyeanguka kutoka juu ya lori wiki tatu zilizopita akaumia chini ya mgongo. Mimi ndiye niliyemkataza kwenda hospitali.

Nina miaka hamsini, na jioni najifunza Kiingereza kwa mwalimu Kalenga, kule Makomeno. Siku mbili baada ya ajali, alibandika ukutani picha ya mifupa. "Huu wa pembetatu, chini ya mgongo, Waingereza wanauita sacrum," alisema. "Jina limetoka katika Kilatini: mfupa mtakatifu." Nikamkumbuka Chola. Saa ya kikundi cha maombi ilikuwa imefika, nikafunga daftari na kutoka kabla ya somo kuisha, kama kila Alhamisi. Nikawafundisha wenzangu pale kwa Chola: mfupa huu una jina la Mungu, kisu cha daktari kisiuguse, tufunge na kuomba. Watu walilia kwa furaha.

Jana nilimwomba mwalimu anieleze zaidi. Akacheka.

"Ba Mwansa, ulikimbia! Kilatini kilifuata Kigiriki. Wagiriki ba zamani, wenye kuabudu sanamu, njo balitoa ile jina. Labda ni juu ya kutolea miungu yao ile mufupa kwa sadaka. Hakuna mwenye kujua hakika. Mu jina hamuna dawa."

Leo nilikuta kikundi kizima kwa Chola. Mkewe, Kapinga, alikuwa akimkanda miguu.

"Tangu juzi hasikie vidole," alisema bila kunitazama. "Ba mwalimu ya mifupa, leo utatufundisha nini? Goti?"

"Umuache, mama," Chola alisema kutoka kitandani. "Atasema goti ni malaika, nitakosa hata goti ya kupiga nikiomba."

Wengine walicheka. Mimi sikuweza. Niliwaeleza yote, hata habari ya Wagiriki, na kwamba nilifundisha nusu ya somo ambalo sikulisikia hadi mwisho. Kapinga aliacha kukanda.

Nikainua mkono.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu wote: sasa hivi nitamubeba Chola mpaka lopitalo, kwa daktari. Na kama miguu yake haitapona, nitalima shamba lake la chakula kila majira ya mvua, mpaka nife."