Kitambaa cha Mdomo

Katika nyumba ile ya Wajaini, watu ambao dini yao inakataza kudhuru hata mdudu, hakuna kiumbe aliyeonewa. Sisimizi walipishwa njia, buibui alibebwa kwa karatasi hadi bustanini kama mgeni wa heshima, na viazi havikuingia jikoni kwa sababu kuving'oa kunaua vilivyomo udongoni. Maji ya kisima yalichujwa kwa kitambaa, kisha kitambaa kikasuuzwa kwa maji yaleyale, yakarudishwa kisimani ili vidudu visivyoonekana vifike kwao salama. Aliyeonewa ni mke wa kijana wa nyumba hiyo peke yake, na yalikuwa yamemfika kooni.

Asubuhi hiyo alikosea. Usingizi ulikuwa umemkimbia tangu mimba yake itoke, na kwa uchovu akakisuuza kitambaa kwenye sinki, kwa maji ya bomba. Mama mkwe akaona. Akaanza na ule upole wake wa kukera, kwamba mambo haya yanataka moyo, kwamba si kila mtu kajaliwa. Mkwe wake akaomba radhi. Ingetosha, lakini wapi.

"Mikono yako inaua, mwanangu," mama mkwe akasema. "Ndiyo maana hata wa tumboni hakukaa."

Mume alikuwa mezani. Alisikia vizuri kabisa, maana kijiko kilimsimama mkononi. Kisha akaona nzi kaangukia kwenye chai yake, akainama kumwokoa. Nzi, jamani.

Mkwe hakupiga kelele. Alikwenda chumba cha sala, akachukua kile kitambaa cheupe ambacho mama mkwe hujifunga mdomoni anaposali, pumzi yake isije ikadhuru vilivyomo hewani. Akarudi, akamwekea mama mkwe mkononi.

"Mama, ukitaka kusema na mimi, jifunge hiki kwanza. Au mimi si kiumbe?"

Mama mkwe akamtazama mwanawe, amtetee. Mwanawe alikuwa anamngoja nzi akauke mabawa. Basi yule mama akaketi, akajifunga kitambaa, akanyamaza.

Huenda alidhani yamekwisha. Lakini ukimya mkwe alikuwa nao tele, wa mumewe ulimtosha. Alichotaka ni neno lile lifutwe na mdomo uleule uliolitoa. Akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na mama mkwe, akasubiri kitambaa kifunguliwe.