Usinga Kwenye Beseni Jeupe

Chungu cha ukoo kilipasuka mwaka ule ule aliokufa mzee Bundala, ndiyo maana siku ya kuamua habari ya ng'ombe, pale Ipililo, usinga ulichovywa kwenye beseni la plastiki. Nyanjige, mjane wake, hakulipenda beseni lile hata kidogo. Wanawe, Maganga na Limbu, walikuwa hawasemezani tangu mazishi, na Limbu alishaapa kwamba akipata fungu lake anahamia Meatu na wajukuu wote. Bibi angebaki na nani?

Desturi yao ilikuwa nyepesi. Usinga, yaani mkia wa fahali wa marehemu, unachovywa majini. Nywele zikishikamana, ng'ombe wanabaki zizi moja, zikitengana, wanagawanywa.

Jana yake Nyanjige aliuosha usinga huo ndooni, na alichokiona kilimshangaza. Ndani ya maji nywele zilitawanyika, kila unywele ukielea kivyake. Alipoutoa tu, zikakimbiliana na kulala pamoja, nene kama kidole. Akauzamisha tena, zikatawanyika, akautoa, zikashikana. Akajaribu uzi wa pamba uliofumuka, mwisho akachovya ncha za mvi zake mwenyewe. Yakawa yale yale. Hakuna aliyezifunga; ni maji tu, yakikutana na hewa yanajibana kama ngozi na kuvuta yanachokigusa. Mwanamke mzima, maisha yote anachota maji, alikuwa hajayaona. Alikaa chini akayastaajabia mpaka akasahau kuinjika ugali.

Sasa Maganga akauzamisha usinga, akainama. Chunguni mlikuwa na giza, nywele zilionekana zikishatolewa tu. Beseni jeupe lilionyesha kila kitu.

“Zimetengana,” alisema. Limbu akasimama, akachukua fimbo yake.

“Maganga, utoe kwanza,” alisema Nyanjige.

Akautoa. Nywele zikaja pamoja, zikidondosha maji. Limbu akarudi, akamnyang'anya, akauzamisha mwenyewe na kuutoa, kisha akarudia.

“Mayu,” alimwambia mama yake polepole, “huu utashikamana hata ukichovywa na mwizi wa ng'ombe.”

“Ndiyo, mwanangu. Nilijaribu jana.”

“Kwa hiyo haujawahi kusema tugawane? Tangu mababu?”

“Haujawahi.”

Limbu alibaki anautazama. Nyanjige naye aliwaza: wazee wale, wanaoitwa washamba na kila aliyepita shuleni, waliuliza swali ambalo maji hulijibu namna moja tu, wakawaachia watoto wao waendelee kuuliza.

Limbu akamrudishia kaka yake usinga.

“Zizi lina pengo upande wa mtoni,” alimwambia. “Twende tuzibe kabla ng'ombe hawajarudi.”